Mko sita, msafara una walinzi kumi na wawili: mvizie wapi?

Kundi lolote linalocheza michezo ya kuigiza mezani, ile ya panga, wafalme na waganga, litafika siku moja kwenye kikwazo hiki. Wachezaji wamepata habari kwamba msafara wa ushuru wa mfalme utapita kesho. Wana usiku mmoja wa kujiandaa. Mmoja anataka kupanda juu ya mawe, wa pili anang'ang'ania kivukoni, wa tatu anauliza kwa nini wasifuatwe wakiwa wamelala. Saa nzima inakatika, chai inapoa, na hakuna aliyerusha dadu hata mara moja.

Ulinganisho huu ni wa meza kama hiyo, na utamfaa pia anayeandika hadithi ya aina hiyo na hajui mashujaa wake wajifiche wapi. Nimechukua njia nne za kuvizia. Zote zilitumika kweli katika zama za kati, na zote zinaingia vizuri kwenye ramani ya huku kwetu. Sisi tunaochezea Mwanza tuliacha zamani kuchora misitu ya misonobari na vilele vya theluji. Ukisimama Bugando ukautazama mji, unaona karibu kila kitu ambacho mviziaji angeomba: majabali yaliyobebana, njia zinazobanwa kati ya kilima na maji, matete, visiwa, na ziwa lisilo na ng'ambo inayoonekana. Weka ngome pale Capri Point, ondoa magari na nguzo za umeme, tayari una ufalme.

Msafara wa kupimia

Ili kila njia ipimwe kwa mzani uleule, tuchukue msafara mmoja. Una mikokoteni mitatu ya ng'ombe, walinzi kumi na wawili wa miguu wenye mikuki na ngao, wapanda farasi wanne, na mganga mmoja wa mfalme anayekaa kwenye mkokoteni wa katikati kwa sababu hapendi vumbi. Fedha zimo ndani ya masanduku. Nyinyi mko sita: wawili wenye pinde, wawili wa upanga na ngao, mmoja mwizi mwenye miguu myepesi, na mganga wenu.

Kabla ya kuchagua mahali, jumlisheni urefu wa msafara huo barabarani. Mkokoteni mmoja na ng'ombe wake wawili, pamoja na nafasi ya kupumulia, unakula kama mita 8. Farasi wanataka nafasi yao. Walinzi wanatembea wawiliwawili, wengine mbele na wengine nyuma. Kutoka kichwa hadi mkia mnafika mita 60 kirahisi. Watu sita hawawezi kuzishika mita 60. Jeshi hufunga msafara mzima. Kundi dogo huchagua mita 10 za msafara na kuziachia 50 zilizobaki. Kwa hiyo swali la mahali pa kuvizia huja baada ya swali jingine: mnataka nini hasa? Sanduku, mtu, barua, au kuwachelewesha tu?

Vigezo

Natumia vigezo vitano, na sivipi uzito sawa.

Cha kwanza ni *kutoka*. Baada ya pigo mnaondokaje, na mzigo mnaubebaje? Nakiweka mbele kwa sababu ndicho kinachosahaulika, na kwa sababu hesabu yake ni kali. Farasi anayekimbia mwendo wa kati anamaliza kilomita 1 kwa dakika kama 3. Ngome ikiwa kilomita 4 kutoka mlipo, mpanda farasi mmoja aliyeponyoka anafika baada ya dakika 12, na wenzake wanaweza kuwa juu yenu ndani ya nusu saa. Kijijini ni mapema zaidi, kwa sababu hapahitajiki farasi. Anayejua jinsi sungusungu wa Usukuma, walioanza miaka ya mwanzo ya 1980, wanavyoitana kwa yowe hadi kila nyumba imetoa mtu mwenye upinde, hatapanga uvamizi karibu na makazi ya watu.

Cha pili ni *ardhi*: inawabana wao, au inawabana nyinyi? Cha tatu, *watu na kazi*: nani anafanya nini, na yupo ambaye hana la kufanya? Mchezaji aliyekaa nyuma ya jiwe raundi sita bila zamu ya maana atafungua simu yake. Cha nne, *kinachoharibu*: ni jambo gani moja likitokea mpango unakufa? Cha tano, *uganga*: nguvu za ajabu zinaongeza nini, na za adui zinapindua nini?

Neno moja kuhusu wakati, maana linahusu njia zote. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikishambulia kijiji cha Wilyankuru, ngome ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Watu wa Mirambo hawakubaki ndani kufa. Walitoka, wakajilaza kwenye nyasi kando ya njia ya kurudia Tabora, na kuwapiga washindi wakiwa wamejitwisha pembe za ndovu na ngawira nyingine. Aliyebeba mzigo ana mikono miwili iliyojaa na akili iliyokwishafika nyumbani. Msafara unaorudi mji mkuu na ushuru ni rahisi kuliko unaotoka, hata kama walinzi ni walewale.

Njia ya kwanza: juu ya mawe, njia ikiwa imebanwa

Mfano wake maarufu ni Morgarten, Uswisi, tarehe 15 Novemba 1315. Jeshi la Leopold wa Austria lilikuwa likipita kwenye njia nyembamba, ziwa la Ägeri likiwa upande mmoja na mteremko upande wa pili. Wakulima wa milimani wakaporomosha mawe na magogo, kisha wakashuka na mashoka ya mipini mirefu. Farasi wa vita hawakuwa na pa kugeukia. Mtu wa Mwanza akisoma habari ya vita hiyo haoni ugeni wowote: ziwa huku, mawe kule, njia katikati.

*Ardhi* hapa inafanya nusu ya kazi, lakini kuna ndoto moja lazima niivunje. Kila meza inataka kusukuma jabali. Mawe yetu ni ya matale, na mita moja ya ujazo ya jiwe la namna hiyo ina uzito wa tani 2.7 hivi. Watu sita hawaling'oi, labda liwe limekaa kwenye ncha na mna nguzo ndefu za kulitekenya tangu jana yake. Jiwe la mviringo lenye upana wa sentimita 40 tu tayari lina kilo 90. Hilo wawili wanaliweza. Kwa hiyo pangeni mawe ya ukubwa huo, au magogo yaliyofungwa kwa kamba moja ya kukata. Na msiyalenge kwa watu. Yalengeni kwa ng'ombe wa mkokoteni wa kwanza. Mkokoteni uliolala ubavu njiani ni ukuta ambao hamkuujenga.

*Watu na kazi.* Pinde mbili juu, panga mbili chini kwenye mpasuko wa mawe, mwizi kwenye kamba. Mpiga upinde mrefu hodari hutoa mishale 10 na zaidi kwa dakika, wakati upinde wa mtambo, ule unaokazwa kwa mkono kisha kufyatuliwa, hutoa miwili hivi. Wenye upinde wa mtambo wana pigo moja la kuua na halafu wanakuwa watu wanaokaza kamba. Wapeni kazi nyingine ya kufanya baada ya mshale wa kwanza.

Je, wote wakae juu? Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, Iringa, Wahehe wa Mkwawa walijilaza vichakani karibu kabisa na njia, na kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilipowafikia walitoka na mikuki. Kikosi kilikuwa na bunduki za kisasa, lakini kwa umbali ule nafasi ya kuzitumia haikuwepo, na Zelewski mwenyewe aliuawa. Wahehe walikuwa wengi mno kuliko sita, sawa. Ninachokichukua pale ni umbali: adui mwenye silaha bora ya mbali apigwe kwa karibu. Mganga wa mfalme anayerusha moto hatua 50 ni bunduki kwa jina jingine.

*Kinachoharibu* ni kuonekana mapema. Mawe ya Mwanza yana wenyewe. Pimbi wakikuona wanapiga kelele na kuingia mashimoni, na mkuu wa walinzi aliyekulia huku atajua kwamba jiwe lisilo na pimbi jua linapochomoza lina mtu. Mpandie kabla ya alfajiri, mtulie, muwape muda wa kurudi. Msimulizi makini, yaani yule anayeuongoza mchezo, atawarushia dadu kwa hili.

*Kutoka* kuna sura mbili. Kwa miguu mitupu, mawe ni mazuri sana, kwa kuwa farasi hapandi na mwenye deraya, vazi la chuma la vita, anachoka. Kwa mzigo ni mabaya mno. Sanduku la fedha halipandi majabali, na ziwa ambalo lingewabebea mtumbwi liko upande wa pili wa msafara. Nimeona makundi yakishinda pambano hili vizuri kisha yakakaa yanaliangalia sanduku.

*Uganga*: kuteleza kwa ardhi, miti inayofunga njia, kelele za uongo nyuma ya msafara. Ukungu usiuite kabisa, unawapofusha wapiga upinde wenu wenyewe.

Inawafaa wenye pinde, wenye subira, na wanaotaka mtu au barua kuliko mali. Na kama ni mali, basi pigeni mkia. Tarehe 15 Agosti 778, kwenye njia ya mlimani ya Roncesvalles, Wabaski waliliacha jeshi la Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, lipite, wakaangukia kikosi cha nyuma na mizigo, kisha wakatawanyika gizani kabla wa mbele hawajageuka. Roland, ambaye nyimbo za Wafaransa zilimfanya shujaa, alifia pale. Kichwa cha msafara hata hakikupigana.

Njia ya pili: kivukoni

Stirling, Scotland, tarehe 11 Septemba 1297. Daraja la mbao lililopitisha farasi wawili sambamba. William Wallace na Andrew Moray walingoja juu ya mwinuko mpaka sehemu ya jeshi la Waingereza ilipokwisha kuvuka, wakashuka na kuiziba ncha ya daraja. Waliovuka walikuwa wachache mno kushinda na wengi mno kurudi, na wenzao walibaki ng'ambo wakitazama.

Kwa kundi la sita hii ndiyo njia pekee inayowakatia zile mita 60 bila jasho lenu. Kivuko kinabeba kidogokidogo. Kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa mwaka 2025, kila aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema kwa njia ya Kigongo na Busisi alijua maana ya foleni: nusu ya basi iko majini, nusu ingali inanunua mahindi ya kuchoma. Msafara wa ushuru ukifika mahali pa kivuko cha mbao hauwi msafara tena, unakuwa vikundi vitatu visivyoweza kusaidiana.

*Ardhi* si tatizo. *Watu na kazi* ni rahisi: wawili ng'ambo kama abiria, mmoja ndani ya kivuko, watatu kwenye mafunjo na mtumbwi. Anayevaa deraya ya pete, kilo 10 na ushei juu ya nguo nzito, akianguka majini hana habari tena. Hilo ni kweli kwenu vilevile, kwa hiyo mtu wenu wa upanga avue.

*Kinachoharibu* ni mambo mawili. Mkuu wa msafara mwenye akili huvusha kwanza watu wa upelelezi, kisha huweka wapiga upinde ukingoni mpaka mkokoteni wa mwisho uvuke. Mkimkuta wa namna hiyo, rudini nyumbani. Jambo la pili ni nahodha wa kivuko. Huyu ana familia, na kesho yake askari watakuja kumuuliza. Meza nyingi humchukulia kama sehemu ya mbao za chombo. Mimi namfanya mtu kamili, mwenye bei na woga wake, na mara nyingi mazungumzo naye yamekuwa matamu kuliko pambano.

*Kutoka* ndipo njia hii inapoziacha nyingine. Maji yanabeba sanduku. Lakini jueni upepo. Ziwani, mchana upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukaenda ziwani. Wavuvi wa tanga wametoka na kurudi kwa mwendo huo tangu zamani. Mkivizia alfajiri, upepo wa nchi kavu unawasukuma nje kuelekea visiwani. Mkivizia saa tisa alasiri, upepo unawarudisha mikononi mwa walinzi na mtapiga makasia hadi mabega yaungue. Sijui meza ngapi zinakumbuka kumuuliza msimulizi upepo unatoka wapi, lakini hilo ni swali la sentensi moja linaloamua kikao kizima.

*Uganga* wa maji na upepo unang'aa hapa. Wa adui pia: mganga wa mfalme akigandisha maji, kivuko chenu kimekuwa uwanja. Akivuka yeye kwanza, mpango umeungua. Akivuka katikati, yuko pekee yake juu ya mbao kumi.

Inawafaa wanaotaka mali, wenye mtu wa maneno, na wanaojua kuogelea.

Njia ya tatu: mbio za uongo

Wawili wanashambulia, wanashindwa, wanakimbia. Adui anawafukuza, na wanne wanamngoja. Wamongolia wa Jebe na Subutai walirudi nyuma siku tisa mwaka 1223, wakuu wa Kirusi wakiwafuata na kuzidi kutawanyika, hadi mto Kalka walipogeuka na kuwamaliza. Hastings, mwaka 1066, wapanda farasi wa William wa Normandia nao walivuta Waingereza kutoka kilimani kwa mbio za namna hiyo. Mwandishi wa upande wa William mwenyewe, William wa Poitiers, anasimulia kwamba mara ya kwanza baadhi yao walikimbia kweli kwa hofu. Ujanja ulifuata baadaye.

Hapo ndipo *kinachoharibu* kinapoonekana. Mbio za uongo zina mpaka mwembamba na za kweli. Piga hesabu: farasi anayekimbia sana huenda kilomita 40 kwa saa, na mtu mwenye silaha na hofu huenda labda 15. Chambo akianza na mita 100 mbele, anafikiwa ndani ya sekunde kama 14, akiwa amekimbia mita 60 tu. Mtego uwe ndani ya mita 50, au kati yake na farasi kuwe na mawe, tope, kamba, kitu cha kumvunja mwendo. Hasara nyingine ni kwamba walinzi wa msafara wameajiriwa kukaa na msafara. Wa miguu hawatafuata. Watakaofuata ni wale wapanda farasi wanne, hasa kama kuna kijana wa ukoo mkubwa anayetafuta sifa.

Kwa hiyo *ardhi* inatakiwa iwe ya kumvunja farasi, na *kazi* ya chambo apewe mwenye miguu na mdomo mchafu. Matusi yana nafasi yake. Mezani kwetu ni sehemu inayosubiriwa kuliko zote. *Kutoka* ni rahisi kwa wanne, kugumu kwa chambo. *Uganga* unaibadilisha njia hii kabisa, kwa sababu mganga anayeweza kutengeneza sura ya mtu isiyo na mwili anamtuma huyo akimbie, na hakuna roho inayowekwa rehani.

Inawafaa wanaomtaka mtu fulani mwenye majivuno, au wanaotaka kuwapunguza farasi leo ili msafara wenyewe upigwe kesho kwa njia nyingine. Mali haipatikani hapa.

Njia ya nne: kambini, usiku

Mwaka 1327 James Douglas, Mskoti, aliingia usiku na watu mia kadhaa katika kambi ya Waingereza huko Stanhope, akakata kamba za mahema na karibu amkamate Edward wa Tatu, mfalme kijana. Mwaka 1462 karibu na Târgoviște, Vlad wa Wallachia alivamia kambi kubwa ya Mehmed wa Pili kumtafuta sultani. Hakuipata hema yenyewe. Watu wake waliangukia mahema ya mawaziri. Wote wawili waliitia kambi kiwewe, na wote wawili walimkosa waliyemfuata.

Tofauti na njia nyingine, hapa kazi kubwa hufanyika jioni. Mwizi aione kambi kungali na mwanga: hema ipi, farasi wamefungwa wapi, mlinzi wa zamu anapita kila baada ya muda gani. Mwezi nao uhesabiwe. Wavuvi wa dagaa hutoka zaidi siku zisizo na mwezi, maana taa zao ndipo zinapovuta samaki. Usiku wa giza ufukweni si usiku mtupu: kuna mstari wa taa majini na watu wanaoweza kusikia chuma kikigongana. Msimulizi anaweza kuwatumia kama macho ya adui, au kama maficho yenu, mtumbwi mmoja wa ziada kati ya mingi.

Faida moja wachezaji wengi hawaitumii: aliyekaa kando ya moto haoni giza. Macho yanataka dakika 20 hadi 30 kuzoea kikamilifu. Anayeinuka ghafla kutoka motoni ni kipofu kwa muda wa pambano zima, na nyinyi mliolala kwenye nyasi mnaona kila kitu. *Uganga* wa usingizi ni dhahabu hapa. Mwanga ni sumu, na mganga wa mfalme akiwasha taa juu ya kambi, faida yenu yote imekwisha kwa neno moja.

*Kinachoharibu* zaidi ni kutojuana. Kubalianeni neno la siri, na kitambaa cheupe begani. *Kutoka*: giza linawafunika, lakini ng'ombe wamefunguliwa, mikokoteni haiendi, na kila mtu atatoka na kile anachobeba mkononi. Masanduku matatu kwa watu sita, katika giza, juu ya mawe. Fikirieni mara mbili.

Inawafaa wezi na wenye miguu myepesi, na meza inayopenda wasiwasi kuliko mapanga. Wenye deraya nzito watachoshwa, kwa sababu ama wanapiga kelele ama wanaachwa nje wakishika farasi.

Kuna njia ya tano ambayo si kuvizia kwa maana kamili, ila naitaja kwa wenye mtu wa maneno. Mwaka 1313 Waskoti waliiteka ngome ya Linlithgow kwa mkokoteni wa nyasi kavu uliosimamishwa katikati ya lango ili lisifungike, watu wakiwa wamejificha ndani yake. Kuingia msafarani kama wapagazi au wauza samaki kunaweza kuwapa sanduku bila tone la damu. Inategemea mdomo, na inategemea msimulizi anayependa mazungumzo.

Kulingana na hali yenu

Mkitaka mali nyingi na kuna maji karibu, anzeni kufikiria kivuko, muda uwe alfajiri. Mkiikosa mitumbwi, pigeni mkia wa msafara penye mawe na mchukue kinachobebeka tu, si sanduku zima.

Mkimtaka mtu mmoja, tazameni tabia yake kabla ya ramani. Mwenye majivuno anavutwa kwa mbio za uongo. Mwoga anayelala katikati ya walinzi hafiki kwenye chambo; huyo ni wa usiku, na mwizi aione hema yake kwa macho yake mwenyewe, asiambiwe. Mkitaka barua au ramani, mawe yanatosha: mjumbe yuko mbele, mnamwangusha, mnapanda.

Mganga wa adui akiwa na nguvu kuliko wenu, epukeni usiku. Mpigeni karibu, kwenye mpasuko wa mawe, au mkatieni juu ya kivuko kabla hajafika ng'ambo. Ikiwa walinzi ni thelathini badala ya kumi na wawili, kivuko na mkia wa msafara ndizo njia zinazobaki. Mbio za uongo zinaweza kuwaletea kumi kwa mpigo.

Msimulizi naye ana uchaguzi wake. Kwa wachezaji wapya, wapeni mawe, maana wanaona wenyewe juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa waliokomaa, mkuu wa msafara awe mtu anayejua kazi: atume wapelelezi, abadilishe zamu, asifuate chambo mara ya pili. Na kama kikao kimebaki saa moja tu kabla watu hawajakimbilia daladala za mwisho, acheni kambi ya usiku kwa wiki ijayo. Upelelezi wake peke yake utakula saa hiyo. Chukueni mbio za uongo, chambo aanze kutukana sasa hivi.